Bidon Nane za Bahari Munyumba ya Mususa

Butembo, Mususa, tarehe 3 mwezi wa kumi 2000
Kwa Kanyere Séphora, Beu, Beni. Kwa mukono wa Mathe chauffeur.

Mama Jéthro,

Ninatangaza kwako, kwa batoto, kwa mama mukwe, kwa viongozi wa commune ya Mususa, na kwa kila soda wa jeshi mwenye atafungua hii barua pa barrière ya njiani mbele yako: jana, saa tisa na dakika kumi na mbili, samaki ya kwanza ya bahari mu historia ya Butembo imekula. Ilikula kipande cha yai. Bajirani kumi na bane ni bashahidi. Mama mumoja alipiga vigelegele, halafu akauliza kama inapikwaka na nyanya.

Najua utauliza: samaki gani, na imefika namna gani kwetu. Ni ile kazi ya tajiri Melchior. Unakumbuka alirudi kutoka Dubai akisema ameona mu hoteli ukuta wa maji, ndani samaki za rangi na majiwe yenye kuota kama maua, na kwamba hapana kulala tena muzuri mpaka awe nayo mu salon ya étage yake, ile nyumba ya ghorofa. Aliniambia: «Kakule, wewe unakata vioo, unitengenezee.» Nikaitika, kama vile tunaitika watu wa étage. Halafu masasi ikapigwa mu mwezi wa nane, wewe na batoto mukaenda Beni, Melchior akaenda Kampala, basoda bakaingia mu étage yake, nikafikiri mambo imekwisha.

Wapi. Mutu wake wa Mombasa hakuna mwenye alimwambia kuna vita. Camion ikashusha mbele ya atelier yangu ya vioo bidon kumi za bahari. Ni bidon za manjano, za mafuta, zimejaa bahari yenyewe, na Mombasa imeandikwa juu kwa makaa ya charbon. Sema nane. Pa Kasindi, pa mupaka, badouanier hawakupata bei ya bahari mu kitabu yao. Bakafungua, bakaonja, bakaandika «maji ya chumvi, kazi haijulikane», bakabakisha mbili kwa kuzichunguza. Kisha siku tatu carton nayo ikafika kwa njia ya ndege ya Entebbe: majiwe kumi na moja yenye kulowana, na samaki tatu mu sachet ya plastiki yenye maji. Mbili zilikuwa zimekufa. Ya tatu iliniangalia kama mutu mwenye kuuliza nani anaongoza hapa.

Niliiweka kwanza mu bassin ya batoto na bahari kidogo, halafu nikakata boîte yake mu kioo ya vitrine ya Melchior, ile moja masasi haikuipata. Mètre moja urefu, sentimita makumi ine na tano kwenda juu. Mara ya kwanza niliijaza maji ya mvua, kona ya kushoto ikalia mpaka salon ikawa kama pa Kyavinyonge, kando ya ziwa. Nikatoa silicone yote na wembe, nikaanza upya, nikangoja siku tano bila kugusa. Sasa hapana kulia.

Iko mu salon yetu, mahali pa buffet yako, ile kabati ya sahani. Buffet iko inje. Nimeifunika muzuri.

Usisumbuke na moyo. Maji inahitaji juma mbili ili itulie, halafu nitamwachia jirani na nitapanda gari. Mutoto atazaliwa mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Mimi nitakuwa Beni mwezi muzima mbele yake.

Bwana yako,
Kakule Éliakim


Beni, Beu, tarehe 9 mwezi wa kumi

Baba Jéthro,

Barua imefika. Mathe aliisoma kwa sauti pa parking mbele ya kunipatia, kwa hiyo Beu yote inajua samaki yako ilikula yai. Huku yai tunakula nusu nusu. Jéthro ameuliza kama na yeye akiishi mu kioo atapata nzima.

Buffet yangu iko inje. Nimesoma hiyo mistari mara ine ili nione kama kuna namna ingine ya kuielewa. Ile buffet baba yangu aliibeba kutoka Lubero, batu sita, na mvua haikuigusa hata tone moja.

Sikiliza. Sitaandika mingi juu ya hii, utajua mwenyewe. Wakati wa kuzaa Vagheni ulikuwa Kasindi kununua vioo. Ulisema ni siku mbili. Ulirudi ya sita, ukakuta mamangu anafua mashuka mara ya tatu, na damu yangu ilikuwa imebaki kidogo mu mwili. Ulipiga magoti mbele yake. Ulisema: «Mama, hapana tena mutoto atazaliwa mimi nikiwa mbali.» Hapana mutu alikulazimisha kusema vile. Mama alisema tu umupatie savon.

Donc ninaongeza juma mbili juu ya ile tarehe yako. Ninapata tarehe 17 mwezi wa kumi. Hapa Beni kuna joto. Kama samaki inataka joto, ilete.

Miguu yangu iko muzuri. Tumbo iko muzuri. Batoto bako muzuri.

Kanyere Séphora


Mususa, tarehe 20 mwezi wa kumi

Mama Jéthro,

Buffet nimeiingiza mu chumba cha batoto. Mulango wa kushoto umevimba kidogo. Utakauka.

Usikasirike juu ya tarehe, nieleze kwanza. Mutu wa Mombasa aliweka karatasi mu carton, mu Kiswahili ya kwao, ile ya Biblia. Inasema majiwe inaitwa matumbawe na iko na uhai. Mimi nilikuwa naona majiwe machafu yenye tope na vinywele. Lakini nikakaa na kuangalia siku mbili, na kweli: ukinyamaza, yanafungua midomo. Midomo mingi midogo kama ncha ya pini. Ukipiga mulango yanafunga. Nimejua batu ba vile.

Sasa shida ilikuwa hii: maji inapunguka vidole viwili kila juma, hata kama hapana kuvuja. Nikaongeza bahari ya bidon. Ikapunguka tena, nikaongeza tena. Samaki ikaacha kula. Nikajiuliza kama bahari yenyewe imeoza mu njia. Ni nani anaweza kujua? Mu Mususa yote kuna mutu mumoja tu mwenye amekunywa bahari: Abbé Ézéchias. Alisomea Roma, na mwaka wa 74 wimbi la bahari ya kule lilimupiga akiwa anacheka.

Akakuja siku ya ine kisha misa. Akasafisha kinywa, akachukua kijiko, akafunga macho. Bajirani bakainamisha vichwa kama wakati wa kuinua hostia. Akameza. Akangoja. Akasema: «Kakule, hii ni bahari na nusu.»

Basi nikafikiri siku muzima. Kisha nikalamba kioo ya kufunika, pale matone ya mvuke inashikaka. Hapana chumvi hata kidogo. Umeona? Maji inapanda, chumvi inabaki. Mimi nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi. Ilitakiwa tu maji ya mvua, na mvua ndiyo kitu Butembo haijawahi kunyimwa. Nikachukua bike tupu ya kuandikia, nikaziba na nta ya bougie, nikaweka musumari ndani ili isimame, nikaipima mu bidon yenye haijafunguliwa na nikaweka alama ya wembe. Sasa bike ikipanda juu ya alama, naongeza mvua. Ikishuka, naacha. Samaki imekula tena. Ni ya buluu kama uniforme ya masomo, na inafukuza kidole changu kama mwenye parcelle anafukuza mwizi mu kiwanja.

Kwa pumzi nimechukua chambre à air ya camion, ule mupira wa ndani wa gurudumu. Naijaza na pompe ya mguu, na hewa inatoka polepole kwa tuyau ya sérum ya hospitali, ile yenye kagurudumu ya kupunguza matone. Naitengeneza kama infirmier. Inashika masaa matatu, halafu inatakiwa kupompa tena. Na baridi ya kwetu unaijua: naweka chupa za maji moto ndani, nabadilisha asubui na mangaribi. Jirani nilimufundisha. Alishika siku moja, akasema hata kwa muke wake yeye hajaamka usiku vile.

Ndiyo maana nimechelewa. Pia kuna mugeni mwenye anakuja kila mangaribi kuangalia samaki, anakaa mu kiti yako, na siwezi kumukosea. Nitakueleza mudomo kwa mudomo. Niko na mipango. Miguu yako usiisimamishe sana.

Kakule Éliakim


Beu, tarehe 27 mwezi wa kumi

Baba Jéthro,

Bike nimeelewa. Sérum nimeelewa. Abbé nimeelewa, na mama amecheka mpaka akakohoa.

Mugeni sikuelewa.

Anakuja kila mangaribi. Anakaa mu kiti yangu. Huwezi kumukosea. Utanieleza mudomo kwa mudomo. Baba Jéthro, wewe unaandika kurasa mbili juu ya kagurudumu ya sérum, na mutu muzima unamupatia mustari moja na nusu? Nikamuuliza Mathe. Mathe mwenye anaongea hata akiwa analala, aliangalia pneu za camion yake. Akasema: «Mama, mimi nabebaka mizigo tu.»

Sina nguvu ya kugombana. Shangazi Agar anapanda na Mathe siku ya posho, jumamosi. Anasema anaenda kusalimia bandugu ba kanisa lake. Umupokee muzuri, atalala mu chumba cha batoto, karibu na buffet. Yeye iko na macho.

Miguu iko muzuri, usirudilie kuuliza.

Séphora


Mususa, tarehe 8 mwezi wa kumi na moja
Kwa mukono wa Shangazi Agar mwenyewe, ambaye hapana kusoma hii, nimefunga na silicone.

Mama Jéthro,

Shangazi alifika siku ya posho, saa kumi. Hakukaa. Alipita mu vyumba vyote na kikapo mukononi, akafungua mpaka magunia. Akaangalia kamba ya nguo. Akanusa mito. Halafu akasimama mbele ya aquarium, akasema: «Ni hii tu?» Nikasema ni hii tu. Alionekana kama mutu amelipia safari bure.

Kwa kuwa atakwambia, ni muzuri niseme mimi kwanza. Mugeni ni commandant.

Tarehe 11 ya mwezi uliopita basoda bane bakakuja kuandika nyumba. Zile zenye bibi na batoto bamekimbia wanazichukua, wanasema ni nyumba tupu. Nikasema mimi niko. Wakasema mutu mumoja sio familia. Commandant akaingia nyuma yao na botte mu miguu, akaona mwangaza wa dirisha mu maji. Akasimama.

«Hii ni nini?»
«Ni bahari, mon commandant.»
«Yote?»
«Ingine ilibaki Mombasa.»

Akavuta kiti yako, akakaa saa nzima. Kisha akawaambia batu yake: «Hii nyumba, hapana soda kuingia na botte. Bunduki zinabaki inje, kelele inasumbua.» Nikasema asante mpaka nikachoka. Akafika pa mulango, akageuka: «Na wewe hapana kutoka Mususa. Nani atapompa? Siku nitakuta hii samaki imekufa, nyumba ni ya jeshi, na wewe tutaongea.»

Tangu pale, kila mangaribi. Mara moja alituma tilapia nzima ya Kyavinyonge mu bassin, ikiruka, eti samaki yangu isikae peke yake kama mujane. Unakataa namna gani zawadi ya mwenye bunduki? Niliiweka ndani. Ilivumilia muda wa Baba Yetu tatu. Nikaikaanga. Alipouliza tilapia yake iko wapi, nikasema iko nyuma ya jiwe, iko na haya. Kila mangaribi alikuwa akiuliza, na mimi nasema ingali na haya.

Sikukuandikia juu barua zinafunguliwa njiani, na juu ya tumbo yako. Sasa umejua.

Sikia ingine. Dimanche asubui nilienda misa, Shangazi akabaki kwa sababu kanisa lake linaanza saa ine. Wewe unamujua. Hawezi kula chakula cha mutu bila kumusafishia kitu. Niliporudi nilikuta sakafu inang'aa, sufuria zinang'aa, na pa jua, juu ya majani ya ukoka, majiwe kumi na moja meupe kama meno. Aliyasugua moja moja na brosse na savon, maji ya moto, akayasuuza mara tatu. Nikamuonyesha karatasi ya Mombasa: iko na uhai! Akajibu: «Nilisoma. Kitu chenye uhai ndicho kinaogaka.»

Nikayarudisha haraka, ile ilikuwa kosa yangu mimi. Kesho yake maji ilikuwa kama maziwa na nyumba inanuka kama soko ya samaki siku ya pili. Hapana hata mudomo mumoja wenye ulifungua. Samaki ilikuwa juu, inavuta hewa. Nikaiokoa mu bassin ya batoto na bidon ya mwisho.

Jana commandant akakuja. Nikasema tunabadilisha maji. Akaangalia aquarium, akaangalia bassin. Hakuvuta kiti. Akageuka, akatoka.

Sasa sijui. Nikitoka, ni kama nakimbia. Niache nimuombe ruhusa wakati atakuja mangaribi. Ni siku moja, mbili.

Éliakim


Beni, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja

Kwa mukwe wetu Éliakim,

Amani ya Bwana. Nimefika. Njia ilikuwa mbaya pa Maboya, tulisukuma.

Kwanza mambo ya majiwe. Umesema mbele ya Mathe kwamba nimekuulia. Mukwe, yalikuwa machafu. Jiwe moja lilikuwa na mududu wa miguu mingi ndani. Mutu mwenye anaweka uchafu vile mu salon ya mutoto wetu asiseme ameuliwa. Nimekwisha kuomba Mungu msamaha, kwa kuwa nilifua dimanche. Kwako siombi.

Pili. Hakuna mwanamuke mu nyumba. Nilimwambia Séphora mbele ya mama yake, na akalia, tukafikiri ni furaha.

Tatu, na ndilo linanifanya niandike. Mutoto wetu anakudanganya. Anasema miguu muzuri. Miguu yake imevimba mpaka haivae kitu isipokuwa sapata za kaka yake. Uso nao umeanza. Infirmière wa maternité amesema presha iko juu, mutoto anaweza kuja mbele ya siku, na kwa ile damu ya Vagheni lazima azalie hospitali kubwa, na mutu wa familia mwenye damu yake inafanana awe karibu. Walipima sisi wote. Hakuna. Yako ndiyo inafanana, imeandikwa mu kitabu yake tangu zamani.

Amenikataza kukuandikia. Anasema wewe ukisikia utakimbia na basoda watakupiga njiani. Wewe nawe ulimficha mambo ya basoda juu ya tumbo. Nyinyi wawili muko na adabu sana.

Mwombe yule mutu ruhusa. Kama anakataa, uje bila ruhusa. Nyumba ni matofali.

Agar, mama ya kanisa


Mususa, tarehe 17 mwezi wa kumi na moja

Shangazi,

Nimesoma.

Nimemngoja kila mangaribi tangu ile siku, na hakuja hata mara moja. Mutu mwenye alikuja siku ishirini na nane bila kukosa! Anajua samaki inaelekea kufa. Anangoja aone kama nitakimbia. Ninavaa viatu, ninavua viatu. Leo nilipanga kiti, nikapangusa, nikajizoeza maneno: «Mon commandant, bibi yangu anazaa, ni damu yangu inahitajika.» Nimeyasema mbele ya bassin. Samaki ilikaa pembeni.

Jana nilitoka kumutafuta. Pa kona ya njia kuna basoda wawili mimi siwajui, wamekaa juu ya bidon. Nikatoa kofia, nikasema ninaomba ruhusa ya commandant niende Beni, juu ya muke mgonjwa. Bakaangaliana. Mumoja akasema kwa Lingala: «Zela.» Ngoja. Nikauliza mpaka saa ngapi. «Zela, papa.»

Basi amri iko. Wananijua. Nilirudi nikapompa.

Mwambie Séphora ninakuja, lakini usimwambie nini inanizuia. Mwambie ni camion.

Éliakim


Beu, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja

Baba Jéthro,

Shangazi alinisomea yote. Kuja.

S.


Mususa, tarehe 25 mwezi wa kumi na moja

Mama Jéthro,

«Kuja» yako iko mu mufuko wa shati. Ningeliweza kuivaa ningeliivaa.

Nimeenda pa kona mara tisa sasa. Kila mara: zela. Mara ya tano nilipeleka ndizi na pombe ya kasikisi. Walikunywa, wakasema asante papa, zela. Mara ya saba nilikuta wengine wawili wapya, nao wakasema zela, kumaanisha amri imepita kutoka mukono hadi mukono. Nimeanza kuwaogopa kuliko commandant. Yeye angalau alikuwa na masikio.

Unajua namna nilifikia hapa? Nikuambie, juu hakuna mutu mwingine wa kumwambia. Sio nyumba peke yake. Wakati nyinyi mulienda, mu hii Mususa kila kitu kilikuwa kinabomoka, na mimi nilikuwa na kitu kimoja chenye kilifuata akili. Bike ikipanda, maji ya mvua. Chupa ikipoa, maji moto. Niliweka mukono pale na mambo ikajibu. Sijawahi kuona mutu ananijibu vile tangu vita ianze. Kabla commandant aje, ningeliweza kuja. Zile juma za kwanza hakuna mwenye alinizuia. Hiyo nayo uijue.

Samaki ingali hai. Imebaki na rangi ya nguo imefuliwa sana.

Nimeamua hivi. Siku ya kwanza asubui, tarehe 27, ninatoka kwa mulango wa mbele, saa mbili, na mufuko, na kofia mukononi, waone vizuri. Sitapita mu migomba ya bananeraie kama mwizi. Bakipiga, bapige mutu mwenye anaenda kwa bibi yake. Nimemwandikia commandant barua ya kurasa tatu, nimeiweka juu ya kioo, inaanza na «Kwa heshima yote inayokufaa». Nimeeleza tilapia. Nimeeleza damu. Nimemwambia nyumba achukue. Nimemwachia ufunguo, na maneno ya kupompa, kama moyo wake utamwambia.

Hii barua inatangulia na Mathe leo, kama atapata mafuta. Kama sitafika, batoto wajue nilitoka kwa mulango wa mbele.

Bwana yako,
Kakule Éliakim


Beni, hospitali, tarehe 26 mwezi wa kumi na moja
Kwa Kakule Éliakim, Mususa. Mutu yeyote mwenye anapanda Butembo leo, tafadhali.

Baba Jéthro,

Ninaandika nikilala, usihukumu mistari. Barua yako ya tarehe 25 sijaipata, kama uliandika. Mathe hajafika, wanasema hakuna mafuta.

Mutoto amezaliwa jana saa saba ya muchana. Ni musichana, kilo mbili na mia tatu. Anapumua, ananyonya kidogo. Mimi damu ilitoka tena. Walitafuta damu mu hospitali yote mpaka muuguzi mumoja mwenye yake inafanana akalala kitanda cha pembeni akanipatia. Anaitwa Vagheni kama mutoto wetu. Umuletee kitu. Docteur amesema nitabaki hapa juma moja, na siku tatu za kwanza ndizo za kuangaliwa. Kwa hiyo ungali unahitajika. Ndiyo maana naandika haraka.

Jana asubui uchungu ulinishika pa soko ya Beu, na hapakuwa na gari hata moja. Shangazi akasimama katikati ya njia na kikapo, akasimamisha jeep ya basoda. Mukubwa wao akashuka kugomba. Shangazi akamwambia yeye amesugua mawe makubwa kuliko yeye. Yule akauliza mawe gani. Wakatazamana. Yule mukubwa akamtambua Shangazi: alimuona kwetu, ile mangaribi ya bassin.

Ni commandant wako. Alinibeba mwenyewe mpaka ndani, akaomba nikusalimie, akauliza kama tilapia imeacha haya.

Anasema alihamishwa Beni na batu yake wote tarehe 8. Bale wa kona ya Mususa wanachunga stock ya mafuta, hawajawahi kusikia jina lako.

Séphora